Ndege Waliokaa Juu ya Jiko la Mwamvita

Siku ya manyunyu ndiyo siku yangu ya kazi. Watu wengine hapa Kasongo, mvua ikianza wanafunga milango na kulala. Mimi natoa kiti changu barazani, nakaa, naangalia parsele, kiwanja chetu. Kiti chenyewe ni cha shoferi. Nilikitoa ndani ya kamio, lori langu la mwisho, siku tulipoagana, mimi nikienda retrete, kustaafu, yeye akienda kuuzwa vyuma. Springi moja imechomoza upande wa kushoto, kwa hiyo naangalia ndege nikiwa nimelala upande kidogo, kama mtu anayekata kona ya Wamaza, kwenye njia ya Kabambare.

Katika miaka yote niliyoendesha kati ya Kasongo na Kabambare sikupata nafasi ya kuangalia ndege, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa hondohondo wa msitu wa Lusangi aliyejifunza klaksoni yangu. Alikuwa anakaa kwenye kona mbaya kuliko zote, anapiga pooom, na mashoferi wanaotoka Kabambare wanarudi nyuma kunipisha, kumbe mimi bado niko nyumbani nakunywa chai. Alisumbua mpaka tukamtafutia mke, ndipo akatulia.

Mke wangu Mwamvita anasema hakuna hondohondo wa namna hiyo. Mwamvita hakuwahi kupanda kamio yangu mpaka Lusangi, lakini watu wanamwamini yeye. Mtaani kwetu neno lake ni kama mhuri. Akisema chumvi imekwisha, imekwisha. Mimi nikisema mvua inanyesha, watu wanatoa mkono nje kwanza.

Asubuhi ninayoisimulia, mvua haikuwa ya kunyesha, ilikuwa ya kukaa. Ilining'inia juu ya mtaa kama nguo isiyokamuliwa. Kwenye kamba ya nguo kereng'ende mmoja alikuwa ameshikilia kwa miguu yote, mabawa yamejaa matone, hawezi kuruka na hataki kukubali. Chozi, yule mdogo anayeng'aa kama pete, alikuwa anaoga juu ya jani la mgomba: anashuka, anateleza mpaka ncha ya jani, anapanda tena. Kitwitwi alitembea uani akitikisa mkia, akikagua kila dimbwi kama mutu wa taksi anayedai kodi. Jongoo alikuwa anavuka kutoka bafuni kwenda kwenye mihogo, safari aliyoianza jana.

Na katikati ya parsele yetu na ya jirani, pale uzio wa mianzi unapokatika, kulikuwa na kichuguu. Kirefu kuliko mimi, kina nyasi kichwani kama mtu aliyekosa kinyozi. Hapo ndipo wanapokaa ndege wangu wote. Mlamba, yule mweusi mwenye mkia kama mkasi wa fundi cherehani, kilele ni chake. Kunguru wanakuja kugombana pale. Mbayuwayu wanakipita chini kwa chini. Ukikiondoa kichuguu hicho, baraza langu linabaki likitazamana na mlango wa choo cha watu.

Asubuhi ile kilikuwa na habari. Mashimo mapya yalikuwa yamefunguka pande zote mbili, kwangu na kwa jirani, yana udongo mbichi mdomoni, na kila shimo lina mchwa wawili watatu wenye vichwa vikubwa, wamesimama kama polisi mbele ya hoteli. Ukiona hivyo katika siku ya unyevu, ujue ndani wenye mabawa wamevaa tayari.

"Hodi, papa Abedi."

Alikuwa jirani mwenyewe, Viviane, amejifunika gunia kichwani. Alitoka upande wa Bukavu kumfuata mumewe Byamungu, ambaye anachimba dhahabu Lusangi na anakuja mjini akipata moto, yaani pikipiki, ya kumleta. Walinunua ile parsele, wakajenga chumba, pesa ikakatikia hapo. Jiko hawana. Viviane anapika nje chini ya bashi la turubai.

"Karibu, mama Viviane. Pita, lakini usikanyage huyo jongoo, ni mpangaji wangu."

Hakucheka. Akasimama ukingoni mwa baraza.

"Papa, niko nakuja kukuambia mbele, usiseme kesho kwamba nilikuficha. Zacharie wa matofali iko anakuja leo. Tunaangusha kichuguu."

"Kichuguu kipi?"

"Papa, kiko kimoja tu! Udongo wake ni muzuri kwa matofali. Na leo umelowa, sururu itaingia kama kisu mu avoka. Leo tunaponda udongo na kuufunika, jua likirudi Zacharie anafyatua."

"Na haraka ni ya nini?"

"Byamungu anafika kesho. Kila mara akifika ananikuta chini ya bashi, macho mekundu kama mulevi. Safari hii nataka akute hata udongo wa jiko umelala pale. Aone kwamba naye mwaka huu atakula ndani ya nyumba."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Mwanamke aliyepika misimu yote ya mvua chini ya turubai lililotoboka, utamwambia nini? Kwamba mzee wa jirani atakosa kuona mlamba?

Basi nikamwambia kitu kingine. "Usiangushe leo. Leo kumbikumbi wanaruka."

Hapo ndipo alipocheka. "Njo hadithi ya leo hiyo? Kama hondohondo wa klaksoni?"

"Nani alikuambia habari ya hondohondo?"

"Mama Mwamvita. Aliniambia nikikusikia nikate nusu, na nusu inayobaki nikate tena."

"Mama Viviane, acha hondohondo. Byamungu anapenda kumbikumbi au hapendi?"

"Anapenda zaidi ya nyama."

"Basi sikiliza. Hapa kwetu kumbikumbi si wa mwenye parsele, ni wa aliyewagongea. Unalaza ubao chini, unagonga kwa vijiti polepole, ta, ta, ta, kama matone. Walio ndani wanasema mvua yetu imefika, wanatoka. Aliyegonga ndiye mwenye kujaza beseni, hata wakitokea chini ya kitanda cha mutu mwingine. Ukichukua kumbikumbi waliogongewa na mwenzako, mtaa mzima utakuita mwizi. Leo gonga wewe. Wakitoka, ni wako wote, na utaniachia kichuguu, maana kitakupa tena msimu ujao."

"Na wasipotoka?"

"Wasipotoka mpaka mvua ikatike, nitamshikia Zacharie sururu mimi mwenyewe."

Alinitazama kama mtu anayepewa samaki na hajui kama amelala tangu juzi. Kisha akasema, "Sawa. Mvua ikikatika hawajatoka, nakiangusha, na hutanuna."

"Sitanuna."

"Mutu wa retrete haachi kununa," akasema, akaenda kutafuta ubao.

Sasa, mambo mengine ukiyaacha yaende yenyewe yanakwenda vizuri, lakini mimi sikuumbwa hivyo. Nilifikiri: wakitokea pande zote, nusu watarukia kwangu, Viviane ataona wachache, atasema hicho ndicho ulichonisifia? Wakati amekwenda, nilishuka na kofia yangu, nikakanda udongo na jivu, nikaziba kila shimo la upande wetu. Nikasawazisha kwa kiganja kama fundi wa ukuta. Nilitaka wote wamtokee yeye miguuni, aingiwe na kiwewe. Nikanawa kwenye dimbwi, nikarudi kitini, nikajiona mwerevu sana.

Viviane alilaza ubao upande wake, akajifunika gunia, akaanza. Ta, ta, ta. Mkono wake ulikuwa mzuri, mtu angedhani amezaliwa hapa Maniema.

"Polepole zaidi," nikamwambia kutoka barazani. "Unagonga kama mutu wa deni."

"Na nyimbo hakuna?"

"Ipo, lakini ukiimba vibaya anatoka nyoka."

"Papa Abedi!"

"Basi gonga tu."

Mchwa wenye vichwa walitoka, wakazunguka, wakaingia. Ndege nao walikuwa wanakuja, na hilo lilinipa moyo. Walikuja kimya, jambo ambalo si kawaida yao. Shorewanda wenye vishungi, kwera wa njano, tetere, kunguru wawili. Lakini hawakukaa kwenye kichuguu. Walikwenda kujipanga juu ya paa la jiko letu, lile la nyasi, nyuma ya nyumba, na moshi wa Mwamvita unapita katikati yao.

"Wale wanangoja nini pale?" Viviane akauliza bila kuacha kugonga.

Jibu nilikuwa nalo. Jibu sikosi kamwe. "Wanaota moto. Ndege wa Kasongo ni wa mji wa zamani, hawakai na baridi kama wa porini. Wakilowa wanakuja kwa Mwamvita. Yule shorewanda wa mwisho ameshakausha tumbo, angalia, sasa anageuza mgongo."

Na kweli shorewanda aligeuka. Nilifurahi sana. Hadithi yangu ilikuwa nzuri kiasi kwamba mimi mwenyewe niliiamini, nikaacha kuwaangalia.

Zacharie akafika na sururu begani, suruali imekunjwa mpaka magotini. Ni fundi matofali, kijana mwenye mikono kama milango. Alisimama akamtazama Viviane anayegonga ubao kwenye manyunyu, kisha akanitazama mimi.

"Mama Viviane, huyu muzee amekuambia kuna mutu ndani?"

"Kumbikumbi."

"Ah! Kumbikumbi walipita njiani mimi nakuja. Wako na moto, wanaenda Kabambare."

"Zacharie," nikamwambia, "moto gani inapita njia ya Kabambare leo na matope haya? Ukitaka kudanganya, uliza kwanza habari za barabara."

Viviane akacheka, lakini mkono ulikuwa umechoka. Akabadilisha kijiti. Manyunyu yakawa mepesi. Adhana ya adhuhuri ikapita, nikasali palepale barazani, na naomba Mungu anisamehe, sikio moja nililiacha kwenye ubao. Nilipomaliza, mawingu yalikuwa yamepasuka upande wa mto, na bati la nyumba ya Viviane likaanza kutoa mvuke.

"Imekatika," akasema Zacharie.

"Bado matone," nikasema.

"Hayo ni ya mwembe, muzee."

Viviane aliweka vijiti chini. Hakufurahi, hilo nililiona. Alikuwa ameshajipikia kumbikumbi moyoni. "Papa Abedi, ulisema hutanuna."

"Sinuni. Huu ndio uso wangu."

Zacharie akapanda kwenye uzio, akainua sururu, akapiga kilele. Pande la udongo lenye nyasi zake likaanguka, na mlamba, mwenye kilele, akaruka akilia. Nilimfuata kwa macho, maana nilijua namuaga. Mlamba hakwenda mwembeni. Alikwenda moja kwa moja juu ya jiko la Mwamvita, akajisukumia nafasi kati ya kunguru wawili, na kunguru, ambao kwa kawaida wanamfukuza mpaka sokoni, wakampisha.

Hapo ndipo nilipoangalia vizuri. Mvua ilikuwa imekatika, jua lilikuwa nje, na wale wanaoota moto hawakuondoka. Wote walikuwa wameinamisha vichwa upande mmoja, chini, kwenye mlango wa jiko. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia kichuguu. Na juu yao mwewe alikuwa anazunguka, na mwewe, hata mimi siwezi kusema amekuja kuota moto.

"Zacharie!" nikapiga kelele. "Ngoja kidogo!"

"Muzee, ulikubali..."

"Baba Hidaya!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Mwamvita. Hidaya ni binti yetu, ameolewa Kabambare, na mke wangu ananiita kwa jina lake katika mambo mawili tu: mapenzi na hatari. Hii haikuwa ya mapenzi.

Tulikimbia wote watatu. Mwamvita alikuwa katikati ya jiko, mwiko mkononi, na kumbikumbi walikuwa wanapanda kutoka chini ya mafiga kama maji yanayochemka. Walitoka kwenye ufa wa sakafu, wakajaa ukutani, wakajaa kwenye kitambaa chake cha kichwa, wakaingia kwenye chungu cha sombe, kisamvu chetu. Waliopata mlango walitoka nje wakaruka juani, na hapo ndege wakapata walichokuwa wanangoja tangu asubuhi. Kunguru, kwera, mlamba, wote mdomo wazi. Kuku wetu mwenye mguu mmoja mbovu alikimbia kuliko wazima. Shorewanda, yule wa mgongo, aliingia mpaka ndani, akala pembeni ya chungu, akatoka.

"Abedi, umenifanyia nini?" Mwamvita akasema.

"Mimi? Nilikuwa nimekaa!"

"Ndiyo maana nauliza."

Viviane alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. "Yesu wangu. Wametoka. Papa Abedi, wametoka!"

Lakini Zacharie hakuacha sururu yake. "Wametoka mu jiko," akasema. "Mapatano yalikuwa kichuguu. Kila nyumba iko na wadudu wake. Mimi nimekwisha anza kazi."

Nilifungua mdomo, na nilikuwa na jibu zuri mno, lina bwana harusi ndani yake na njia ya chini kwa chini kutoka wakati wa Waarabu. Viviane akaninyooshea kiganja. "Hapana, papa, nakuomba. Wewe nyamaza. Mama Mwamvita aseme. Hawa ni wa kichuguu au ni wa hapa?"

Mwamvita alijipangusa mabawa usoni. Alitoka, akatembea mpaka kwenye kichuguu, sisi nyuma yake, akakizunguka upande wetu. Akagusa udongo kwa kidole. Akanusa kidole.

"Jivu la jikoni kwangu," akasema. "Nani alipiga plasta hapa?"

Nikaficha mikono nyuma.

"Abedi, nionyeshe mikono."

Nilimwonyesha viganja, maana viganja nilinawa. Akaigeuza mikono. Chini ya kila ukucha kulikuwa na ushahidi mweupe. Zacharie akaanza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya lile pande aliloangusha.

"Huyu baba," Mwamvita akamwambia Viviane, "alitaka kukutendea wema. Akawafungia mlango wa huku. Sijui aliwaza kwamba watapiga foleni kwa adabu. Wao wakatafuta njia nyingine, wakapita kwangu. Nimepika katika jiko lile tangu Hidaya hajazaliwa, sijaona hata sisimizi mwenye mabawa anatoka sakafuni. Hawa ni wa kichuguu." Akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu harusi. "Na niseme lingine, nisiulizwe tena: alichosema leo asubuhi, na nilimsikia, ni kweli. Kwa maneno yale yale."

Nilitaka arudie barabarani, mtaa wote usikie, lakini alikuwa ameshaendelea.

"Nani aligonga?"

"Mimi, mama," akasema Viviane.

"Basi unasimama hapa unafanya nini? Ni wako. Leta beseni kabla kuku hawajawamaliza."

"Mama, wako ndani ya jiko yako!"

"Hata wangekuwa ndani ya kanzu ya huyu muzee ni wako. Kimbia!"

Viviane alikimbia kweli. Zacharie akasimama, akajipangusa. "Sawa, kichuguu kimeokoka. Na matofali? Mimi nitafyatua mabawa?"

Hilo swali lilikuwa la haki, na Viviane, aliyekuwa anarudi na beseni, alilisikia akapunguza mwendo. Kumbikumbi ni chakula cha leo. Jiko ni la kila siku. Nilimwona akitazama bashi lake, kisha kichuguu, kisha mimi, na nikajua kwamba atashika ahadi yake na kwamba itamuuma.

"Udongo upo," akasema Mwamvita. "Banda la kamio."

"Mwamvita!"

"Kuta za udongo safi, tena nene. Zilowesheni, zipondeni, mfyatue upya. Jiko linatoka pale, na udongo wa choo unabaki."

Banda lile nililijenga kwa mikono yangu, kwa ajili ya kamio. Limekaa tupu tangu retrete. Mara nyingi nimewaeleza watu kwamba kamio yangu inajua njia, kwamba siku moja itawachoka walioinunua, itarudi yenyewe kutoka kokote iliko.

"Na ikirudi, italala wapi?" nikauliza.

"Italala kwa hondohondo."

Niliangalia banda. Niliangalia kichuguu. Mlamba alikuwa ameshashiba, amerudi, anakagua kilele chake kilichovunjika. Alikaa kidogo upande, kama mimi kwenye kiti changu, akanyoosha mkia wake wa mkasi.

"Zacharie," nikasema, "mlango wa banda uko na bawaba nzuri. Uutoe polepole, mama Viviane atautumia."

Viviane aliweka beseni chini, akanishika mkono wenye kucha za udongo kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao. Kisha akaingia jikoni kwa Mwamvita, na mchana ule wote hawakutoka. Walikusanya, walipepeta mabawa kwa ungo, walikaanga kwa chumvi bila mafuta, na nilisikia wakicheka, na katika kicheko nilisikia jina langu. Sisi tulipata sahani, kwa sababu ya matumizi ya jiko. Zacharie akala na bukari, ugali wetu, akanawa mikono, akaenda kulowesha kuta zangu. Mimi nikarudi barazani. Mabawa yalikuwa yamezagaa uani yaking'aa, na kitwitwi alikuwa anatembea juu yake akitafuta aliyesahauliwa.

Kesho yake Byamungu akafika, matope mpaka kwenye nyusi. Niliwasikia kupitia uzio. Alikuta bonge la udongo limefunikwa vizuri, na mlango umeegemezwa pale, akafurahi, akauliza. Kisha akapewa sahani, akafurahi zaidi, akauliza tena.

"Niligonga ubao," Viviane akamwambia, "kwa kichuguu hiki. Wakatokea jikoni kwa mama Mwamvita, chini ya mafiga, wakaingia mpaka mu sombe. Na ndege walikuwa wamejua tangu asubuhi, walikuwa wamejipanga juu ya paa wanangoja. Shorewanda mumoja akaingia ndani kama mugeni."

Nikasikia kijiko kikiwekwa chini.

"Viviane," akasema Byamungu, "nilikuacha hapa uko mutu wa kweli. Huyu muzee jirani amekuharibu."

"Byamungu, naapa!"

"Haya, haya. Na hondohondo naye alipita?"

Viviane aliniita kutoka upande wa pili wa uzio, sauti inataka kulia na kucheka. "Papa Abedi! Papa, njoo umwambie!"

Nilijipanga vizuri kwenye kiti changu. Manyunyu yalikuwa yanaanza tena, na chozi alikuwa ameshapanda juu ya jani lake la mgomba, yuko tayari kuteleza.

"Mwite Mwamvita," nikamjibu. "Mimi niko kazini."